Nilipanda kabichi kwenye game ya mama, na sasa sielewi kama version mpya ni kitu kizuri

Wakuu, salamu kutoka Nyeri, ambako baridi ya leo imenifanya niandike hii kitu nikiwa na koti ndani ya nyumba.

Juzi kulikuwa na uzi humu wa kuuliza kama kampuni za game zinafaa kutoa upya game ambazo tayari zipo. Mlibishana page nne. Wengine mlisema ni ujanja mtupu, game ni ile ile, imepakwa rangi tu. Wengine mkasema kitu kizuri kinastahili kutengenezwa upya.

Mimi nilikuwa kwa hilo kundi la pili, tena kwa kelele. Mwenye kumbukumbu nzuri atakumbuka niliandika kwamba mtu anayeng'ang'ania version ya zamani ni kama mtu anayekataa lami kwa sababu amezoea matope.

Nimekuja kuyaondoa hayo maneno. Ama pengine siyaondoi. Hiyo ndiyo shida, sijui. Nitawasimulia kilichotokea nyumbani kwetu, vile kilivyokuwa, bila kutia chumvi, halafu mniambie mnaona nini. Mimi nimeangalia mpaka macho yamechoka.

Ndugu zetu wa Tanzania mtavumilia Kiswahili changu. Huku mlimani tulifundishwa na walimu ambao nao walikuwa wakijifunza.

Na naomba mapema, tusianze zile stori za wanawake wa Nyeri kupiga waume zao. Mama yangu hajawahi kumpiga mtu. Hapazi hata sauti, na mkisoma mpaka chini mtaona kwamba ingekuwa afadhali angepaza.

Haya.

Mimi ni fundi wa simu na TV hapa Gatitu. Natengeneza pia console, zile mashine za kuchezea game kwa TV, zinazoletwa zikiwa zimejaa vumbi na mende. Nyumbani kwetu ni Tetu, si mbali, na ndiko ninakolala. Nina nyumba yangu kwa boma, mama ana yake, tunaonana kila siku.

Mama ana miaka sitini na nane. Maisha yake yote amekuwa mtu wa ng'ombe. Alikuwa na watatu: Rosi, Makena na Kairitu. Miaka minne iliyopita alikuwa akipanda mteremko na mzigo wa nyasi za nepia mgongoni, mvua ilikuwa imenyesha, akateleza. Akavunjika nyonga.

Alikaa hospitali muda mrefu. Mimi sijui kukamua, na niko dukani siku nzima. Ikabidi ng'ombe wauzwe kwa jirani. Nilipomwambia hakulia. Aliniuliza tu kama yule jirani anajua kwamba Rosi hakubali kukamuliwa na mtu aliyevaa gumboots.

Aliporudi nyumbani alikuwa mtu mwingine. Anakaa kwa kiti, anaangalia dirisha. Dada mmoja wa mazoezi kutoka hospitali alikuwa akija kumfundisha kusimama, na mama alikuwa anakataa. Anauliza, nisimame niende wapi?

Hiyo swali ilinitesa. Mimi ni mtu wa vitu, si mtu wa maneno. Nikaenda dukani nikachukua console moja ya zamani ambayo mwenyewe aliileta itengenezwe akapotea moja kwa moja. Ndani yake kulikuwa na game ya shamba. Unalima, unapanda, unafuga, unapeleka maziwa sokoni. Nikaifunga kwa TV ya mama, pale juu ya kabati yenye vitambaa vya kufuma.

Wiki ya kwanza alinitukana kwa upole. "Ati nilime kwa TV? Na nitakula TV?"

Wiki ya pili nikamkuta ameshika controller ya kuchezea, miwani imefungwa na uzi nyuma ya kichwa, anaongea na ng'ombe. Alikuwa amempa jina. Rosi.

Wakuu, sitawachosha na jinsi alivyojifunza. Ila jueni kwamba mama yangu, ambaye hadi leo ananiita nimuwekee simu kwa silent akienda kanisani, alikuja kuijua hiyo game kuliko mimi. Na yule dada wa mazoezi akapata njia. Akamwambia kila siku ya game ikiisha, mama asimame atembee mpaka mlangoni kabla ya kuanza siku ingine. Mama akaanza kusimama. Kutoka mlangoni akafika uani. Kutoka uani akafika kwa lango.

Kwa hiyo hiyo game haikuwa mchezo. Ndiyo ilimtoa mama kwa kiti.

Miaka mitatu amejenga hilo shamba. Nilikuwa napita nikirudi kazini, naangalia kidogo, nasema "Mami, umeweza," naenda zangu. Niliona amepanda majani chai upande wa juu. Niliona mto mdogo chini. Niliona pia kipande kimoja huko chini karibu na barabara, amekizungushia ua wa mbao na geti, na ndani hakuna kitu. Udongo mtupu, umelimwa vizuri, haujapandwa.

Niliwahi kuuliza mara moja. Akasema, "Hiyo wachana nayo." Nikadhani hajui vile mtu anapanda ndani ya ua.

Sasa, mwaka huu ile kampuni ikatoa game hiyo hiyo upya. Shamba ni lile, mji ni ule, lakini nyasi zinacheza na upepo, mvua ukiiona unatafuta mwavuli. Na wakasema unaweza kuhamisha shamba lako la zamani likaingia kwa version mpya bila kupoteza kitu.

Bila kupoteza kitu. Hayo maneno niliyaamini kama mtoto.

Nilitaka kumfurahisha, sitaki mnione mtu mbaya. Ile console ya zamani ilikuwa inapiga kelele kama posho mill ya kusaga mahindi. Nikanunua mpya. Ya zamani nikampa mwalimu mmoja mstaafu wa Mukurweini aliyekuwa akitafuta kitu cha wajukuu. Kabla haijaenda nikanakili save ya mama, yaani shamba lake lote, kwa flash, na kwa haraka za fundi nikasahau kufuta ile iliyobaki ndani. Huo usahaulifu kumbukeni, tutarudi kwake.

Jumamosi mama alikuwa kwa mkutano wa akina mama wa kanisa. Nikafunga duka mapema, nikaweka kila kitu tayari. Shamba likahama. Likatokea kwa screen likiwa zuri mpaka nikacheka peke yangu. Rosi anang'aa.

Kulikuwa na ujumbe mdogo chini. Ati ua za version ya zamani hazitumiki huku, zimewekwa stoo. Nikabonyeza sawa. Nani husoma hizo vitu?

Halafu nikaona kile kipande. Bila ua, bila geti. Udongo mtupu kando ya barabara, mweusi, mzuri.

Wakuu, wale mnaojua watu wa huku mnajua ugonjwa wetu. Sisi hatuwezi kuona ardhi imekaa bure. Mtu wa Nyeri hupanda sukuma wiki kando ya kaburi la babake na anamwagilia vizuri. Mkono wangu ukaanza kuwasha. Nikasema mama amezeeka, ameshindwa na huku chini, wacha nimsaidie.

Nikapanda kabichi. Laini nane, zimenyooka. Nikamwagilia. Version mpya hata inakuruhusu kuharakisha siku, kwa hivyo mama alipoingia zilikuwa zimefunga vichwa.

Mama akarudi, nikamkalisha, nikampa controller mpya. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nikingoja kusifiwa.

Alizunguka shamba la TV polepole. Akaangalia Rosi kwa muda. "Huyu amepakwa mafuta?" Nikacheka. Akaangalia nyasi. "Hii nyasi ni mzuri. Hii imenyeshewa." Akapita kwa majani chai, akafika mtoni, akapanda upande wa barabara.

Akasimama.

Nilidhani controller imekwama.

"Ni nani amepanda kwa Wairimu?" akauliza.

Sikuelewa. Nikamwambia ni mimi, ni kabichi tu, nilikuwa nasaidia. Nikamuuliza kwani Wairimu pia anachezanga hii game.

Mama akaweka controller juu ya meza. Akachukua kitambaa kutoka kwa kabati, kile kikubwa cheupe, akafunika TV. Kisha akaenda jikoni kuweka chai, na mkongojo wake, tok, tok.

Sasa niwaambie Wairimu ni nani, maana hapa ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa na sijatoka.

Wairimu ni dada yangu. Tumezaliwa wawili tu. Ana miaka miwili kunishinda. Aliolewa, ndoa ikamshinda, akatoka. Anaishi Karatina kwa nyumba ya kukodisha, anashona uniform za shule.

Baba alipofariki hakuwa ameandika kitu. Kukawa na kikao cha familia, miaka sita sasa. Wairimu aliomba kitu kimoja. Kile kipande cha chini cha shamba letu, kando ya barabara, ajenge vyumba viwili. Hakuomba kingine. Alisimama akaomba vizuri, akaketi.

Uncle yetu mmoja, mdogo wa baba, akauliza, "Na huyu atapitia wapi? Atakuwa akipita katikati ya boma ya kijana kila siku?" Kijana hapo ni mimi. Wazee wakacheka kidogo. Wakasema msichana ana kwao kule alikoolewa, na kama ametoka, anaweza kurudi.

Mimi niliangalia viatu vyangu. Nilikuwa na kitu cha kusema na sikukisema. Nilijiambia si mimi nimeamua, ni wazee. Mama alikuwa anapitisha chai na yeye pia hakusema kitu.

Wairimu alikunywa chai yake akaimaliza, akaosha kikombe, akaenda. Tangu siku hiyo huja Krismasi na mama akiwa mgonjwa. Anakuja asubuhi, jua likiwa bado juu ameshaondoka. Mimi hunisalimia kama mtu wa kanisa moja.

Na msimu uliofuata nilipanda kile kipande. Ili kisikae bure.

Nilipanda kabichi, wakuu. Hata sasa ninavyoandika nasikia aibu masikioni. Kwa ardhi ya kweli na kwa ardhi ya TV, mkono ni ule ule na mbegu ni ile ile.

Lakini usiku huo sikuwa nimeyaunganisha hivyo. Nilikuwa na hasira kidogo. Nilisema ni game jamani. Nimenunua kitu kipya, nimefunga duka, halafu nafunikiwa TV?

Wiki ikapita. Mama hafunui TV. Ya pili ikaanza. Akawa anakaa kwa kile kiti cha dirisha. Dada wa mazoezi akaja, mama akamwambia leo nyonga inauma. Siku ingine akamwambia hivyo hivyo. Nikaogopa. Nilimwona akirudi kule alikotoka, na safari hii ni mimi nimemrudisha.

Nikamwendea. Nikamwambia, "Mami, nitang'oa hizo kabichi. Ni dakika moja."

Akaniangalia kwa upole, hiyo upole yake ndiyo inamaliza mtu. "Za TV unang'oa na kidole," akasema. "Na hizo zingine uko nazo huko chini?"

Nilitoka nikaenda kusimama nje kama mtu anayetafuta network.

Nikaamua kitu kimoja, kile fundi hufikiria kwanza: rudisha ile ya zamani. Nikadhani nikimrudishia ua wake na geti yake kama zilivyokuwa, tutakuwa tumerudi pale tulipokuwa, na hiyo habari ya huko chini itanyamaza tena.

Nikabeba console ingine nzuri kutoka dukani ya kubadilishana, nikaenda Mukurweini.

Yule mwalimu anakaa ndani ndani, ndizi kila upande. Alinikaribisha vizuri. Nikamweleza kwa kifupi kwamba kuna shamba la mama ndani ya ile mashine, na nilikuwa nimejitayarisha kuambiwa lilishafutwa.

"Shamba ya mama iko," mwalimu akasema. "Wajukuu walitaka kufuta waanze yao. Nikawaambia shamba ya mtu haifutwangi hivyo. Wakafungua yao kando."

Akawasha TV nione. Halafu akasema kitu kingine, kama anaona haya. "Na tumekuwa tukimkamulia. Niliona si vizuri ng'ombe wa mtu wakae bila kukamuliwa."

Wakuu, mzee wa watu alikuwa anamkamua Rosi kila siku, Rosi wa mtu asiyemjua.

Nikachukua controller. Nikatembea. Na kwa sababu nilikuwa ugenini, na nilikuwa naangalia kwa makini kama mtu anayekagua kitu kabla ya kukichukua, niliona kitu ambacho sikuwa nimeona miaka mitatu.

Ilikuwa ni kwetu.

Mteremko ni ule alioangukia. Majani chai ni pale yalipo. Zizi liko mkono wa kushoto wa jikoni. Nyumba yangu iko, na paa ameipaka ile rangi ya kijani niliyopaka. Mto uko chini. Na kile kipande chenye ua ni kile kipande, pale pale, kona ile ile ya barabara.

Mwalimu akaona nimesimama hapo. "Hapo hatujaingia," akasema. "Nilikatazia hawa watoto. Kitu imezungushiwa na ina geti, hiyo ni ya mtu mwingine."

Mtu wa Mukurweini ambaye hajawahi kumwona mama alielewa kwa kuangalia ua. Mimi mtoto wake nilidhani hajui kupanda.

Nikaizunguka hiyo ua. Nilikuwa natafuta geti upande wa boma letu, pale mtu angetokea akitoka kwa mama. Hakukuwa na geti upande huo. Geti iliangalia barabara.

Nilikaa chini kwa kiti cha mwalimu bila kuambiwa.

Kwa kile kikao mama alikuwa amesikia swali la uncle. Atapitia wapi? Hakujibu siku hiyo. Amekuja kulijibu kwa TV, peke yake, na hakumwambia mtu. Atapitia barabarani, hatakanyaga kwa boma ya kijana. Nyumba yetu ilikuwa na kosa, na mama akaitoa upya ikiwa imesahihishwa. Halafu mimi nikaja na version yangu, nikarudisha kosa.

Sijui kama mnanielewa. Mimi mwenyewe nikisema hivyo sauti kubwa inasikika kama wazimu.

Nilirudi na ile console. Nikaiweka kando ya ile mpya, nikamwambia mama achague. Moyoni nilijua atachagua ya zamani, na nilikuwa nimeshaanza kuandika kichwani post ya kuwaomba msamaha nyote mnaochukia version mpya.

Mama akafunua TV. Akakaa na ile ya zamani kidogo, akakamua, akasema huyo mwalimu ni mtu mzuri, amekamua vizuri. Halafu akaniambia niwashe ile mpya.

Nikashangaa. Nikamwambia, "Lakini hii ndiyo iliharibu."

"Hii iko na nyasi mzuri," akasema. "Na maji inafika na paipu. Mimi sikukasirikia TV."

Aling'oa kabichi mwenyewe, moja moja, hakuniruhusu kusaidia. Akaingia stoo akatoa mbao za ua wake, akajaribu kuzisimamisha. Ua za zamani hazikubali huko, kwa hivyo akajenga nyingine kwa mawe. Ilimchukua siku tatu za game, na kila siku ikiisha alisimama akatembea mpaka kwa lango letu la kweli akarudi. Geti akaiweka upande wa barabara.

Kwa hivyo mnaona. Nilitaka hiki kisa kiniambie version mpya ni mbaya, hakiniambii. Nilitaka kiniambie ya zamani ni takatifu, mama mwenyewe ameiacha. Kama kampuni hawangetoa upya, ile ua haingetoka, mimi nisingepanda, na mama angenyamaza mpaka kaburini na hilo jibu lake kwa TV. Nisemeje? Niwashukuru kwa kutupa ua za mama yangu?

Kabichi za huko chini, zile za kweli, zilikuwa zimekomaa. Nimezivuna zote. Sikupanda tena. Mvua zimeanza, majirani wote wamepanda, na kile kipande kimekaa hivyo. Kila anayepita ananiuliza kama niko mgonjwa. Wakuu, sijawahi kuacha udongo hivyo maishani. Nikipita hapo nageuza uso.

Jumanne nilimpigia Wairimu. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilipomsikia yakapotea yote, nikajikuta namweleza habari ya game, ng'ombe, mwalimu, ua. Najua nilisikika kama mlevi. Upande wake nasikia cherehani ikienda.

Halafu cherehani ikanyamaza.

"Hiyo geti," akauliza, "aliiangalisha wapi?"

"Barabarani," nikasema.

Kisha akasema ako na kazi ya watu, atapiga. Hajapiga mpaka leo Ijumaa.

Sijui anafikiria nini. Sijui kama amefurahi au nimemchokoza kidonda. Sijui uncle atasema nini, kwa sababu bado yuko na bado ana sauti. Sijui hata kama mimi namtolea hicho kipande kwa moyo ama natoa kwa sababu nimeaibishwa na TV. Kuna siku naona ni haki yake tangu mwanzo na hakuna cha kutoa, ni kurudisha. Kuna siku naangalia ule udongo mweusi na roho ya Nyeri inanirudia, nasikia uchungu kama mtu aliyeibiwa.

Leo asubuhi nimechukua panga. Upande wa barabara tuna ua wa kaiyaba, ule wa miiba mirefu, baba aliupanda kabla nizaliwe. Sikuwa nimeamua kitu. Nilianza tu kukata pale ambapo geti ya mama iko kwa TV. Nimetobolewa mikono yote miwili. Nikapata nafasi ya hatua mbili hivi, mtu anapita vizuri.

Mama alikuwa amefika kwa lango letu na mkongojo wake. Akashuka polepole kwa barabara mpaka hapo nilipo. Hajafika hapo tangu aanguke. Akaangalia ile nafasi, akaangalia mikono yangu, akapima na macho.

"Hiyo ni ndogo," akasema. "Pickup ya mawe ya kujenga haitaingia."

Akageuka akarudi kuweka chai.

Basi wakuu, ndivyo ilivyo. Kawaida hapa ndipo mtu huandika funzo. Langu ni dogo na sina hakika nalo: kabla hujamfanyia mtu kitu chake upya, muulize ni kwa nini aliacha pale mahali pakiwa patupu. Na ujitayarishe kwa jibu.

Wale wa game, niambieni basi nisimame upande gani, maana upande wangu wa zamani umenishinda na wa pili haunitaki. Wale mliowahi kugawa ardhi na dada zenu, niambieni mlianzaje hiyo maongezi, na wazee mliwajibu nini. Wanaotaka kunitukana pia waingie, nafasi ipo.

Mimi narudi kwa ua kuongeza hatua mbili. Nitawasoma nikipumzisha mikono.